Wakili wa Mlango wa Jikoni

Waombolezaji wenzangu, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi seremala, niliyepewa na familia karatasi hii niisome, na naomba mnivumilie, maana yako mambo ambayo hayakuandikwa humu.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, ambako kwa kubisha kila jambo, hata adhabu za wenzake, aliitwa Pingamizi, jina lililomfuata hadi chuo kikuu alikohitimu sheria mwaka 1996, na hata mahakamani, ambako majaji walilijua ingawa hawakulitamka.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998 na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wawili, wapwa zangu walioketi hapa mbele, waliozoea kumwona mama yao akila huku amefungua jalada.

Tarehe 5 Septemba 2023 alipokea kesi yake ya mwisho, ya binti wa miaka kumi na sita aliyemchoma kisu na kumuua baba yake wa kambo, jikoni, Jumamosi ya tarehe 19 Agosti. Binti huyo alikuwa amefukuzwa shule mara mbili, mtaa mzima ulimjua kwa ngumi na matusi, na siku ya kwanza alimtemea mate wakili wake, lakini dada alirudi kesho yake na sabuni na daftari, akisema hata mtoto mkorofi ana shingo ya kukabwa.

Utetezi wake ulikuwa kwamba binti alijihami, kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia: mlango wa jikoni ulifunguka kwa kuvutwa ndani, na yule bwana alikuwa ameuegemea huku akimkaba, lakini mahakama ilipozuru nyumba hiyo tarehe 11 Aprili mwaka huu ilikuta mlango unafunguka nje, na mwendesha mashtaka akausukuma kwa kidole, mara tatu, taratibu, mbele ya jaji. Mwenye nyumba aliyewapangisha aliapa kwamba haujawahi kuguswa.

Tangu hapo dada alimtafuta fundi aliyeugeuza, karakana hadi karakana, huku saratani ya ini iliyogunduliwa Februari ikimla, miguu imevimba hadi akaenda mahakamani na kandambili, na kwangu alikuja mara mbili, akaketi kwenye benchi langu la kupigia randa, akaniuliza kama nimesikia lolote, nikasema sijasikia.

Ndugu zangu, fundi huyo ni mimi. Niliugeuza kwa agizo la mwenye nyumba tarehe 23 Agosti 2023, kabla dada hajaipokea kesi, nikahamisha bawaba, nikaziba mashimo, nikapaka rangi, na baadaye mwenye nyumba huyo, ambaye kazi zake zote za useremala hunipa mimi, akihofia kushtakiwa kwa kuharibu ushahidi, akaniambia neno likitoka nisikanyage tena kwake, nami nikaogopa, na kila siku niliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa ndefu mno kwa mgonjwa.

Alifariki Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, saa nane mchana, na asubuhi yake aliniuliza mara ya tatu, nikamwambia apumzike kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na mawakili wenzake, hasa huyu wa safu ya pili anayeichukua kesi, ambaye namwomba asiondoke kabla hatujazungumza, kwani Jumanne saa tatu asubuhi ndiyo nafasi ya mwisho ya shahidi wa utetezi, na rangi ile ikikwanguliwa mashimo ya bawaba yataonekana.

Pumzika kwa amani, dada. Swali lako nimelijibu, ila nimelijibu mbele ya jeneza.