Kabla Fimbo Haijaegemezwa Mlangoni

Sogeeni wanangu. Octavian, zima redio. Evelina, mketishe mama yako kitini, si mkekani, maana leo nagawa nilicho nacho na pumzi yangu haina subira. Nawe Yoramu, kaka yangu mkubwa, usisimame hapo mlangoni. Najua kilichokutoa kijijini ukaja hapa Mkonze na fimbo mpya.

Nyumba hii na shamba la zabibu ni vya mke wangu Ruthu. Kioski cha Chang'ombe ni cha Octavian, ng'ombe ni wa Evelina, na lori langu lililolala juu ya mawe namwachia yule kuku anayetagia humo, kwani ndiye pekee aliyepata faida nalo.

Amebaki mtu, na mtu hagawiwi. Katika ukoo wetu, siku ya kuanua tanga, ndugu wa marehemu huegemeza fimbo mlangoni kwa mjane, naye akinyamaza, amerithiwa. Mfiwa ataitoa wapi sauti siku hiyo? Kaka, ulisusia harusi yetu ukisema huyu binti wa Busi si mtu wa kwetu. Ulikataa sahani ya pilau, leo unataka chungu kizima.

Sikilizeni nilivyouona uhuru. Udereva ulinifikisha Kampala, Zomba na Lusaka bendera za Malkia zikishushwa, na kote nilikuwa uvunguni mwa lori nafungua nati. Ni miguu yangu tu iliyohudhuria. Lakini mwanzo wa mambo niliuona hapa Dodoma nikiwa kijana, barazani, siku Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipouliza nani ameichoka serikali yake. Tukatazama viatu vyetu, na wengi hatukuwa navyo. Akamwambia karani aandike kwamba watu wameridhika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kile chetu kiliandikwa "ndiyo", na kwa "ndiyo" hiyo tulitawaliwa. Ndipo Evarista, mama muuza pombe, akainuka: "Futa. Mimi nimechoka." Akainuka wa pili, wa tatu, na wa mwisho nikainuka mimi, shujaa wenu, nyuma ya mgongo wa mtu mnene. Bendera ilikuja miaka baadaye, lakini nchi ilijikomboa katika siku kama ile, baraza kwa baraza, watu wakimwambia mtawala usoni kwamba wamechoka. Hakuna aliyetuletea uhuru kwenye sinia.

Sasa hata serikali imekubali vyama vingi, kaka, wewe bado chama kimoja. Ruthu, sema nikiwa shahidi. Usinitazame mimi, mtazame yeye. Kwa sauti, mke wangu... Haya, mmesikia wote: "Shemeji, mimi sirithiwi. Nitakaa kwangu." Naye kaka anauliza atalishwa na nani, na Ruthu anamjibu kwamba zabibu alizipanda yeye, mimi nikiwa barabarani. Ni kweli tupu.

Kaka anatoka. Mpisheni, asizomewe. Nikizimika aitwe yeye kwanza, aonyeshe pa kuchimba kaburi, atupe udongo wa kwanza. Tumemkatalia utawala, undugu hatujaukata... Evelina, inua mto. Hapo. Mama yenu asihamishwe... hata kwa machozi. Mungu awape mvua kwa wakati wake... awape zizi lililojaa... awape watoto wenye kelele.