Buuum la Saa Sita Lastaafu

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Bwana Kothandapani, Mpiga Mzinga wa idara yetu ya majengo ya kale hapa Chennai, anastaafu leo, tarehe 31 Oktoba.

Mzinga wenyewe uliletwa na Waingereza, wale waliokuja kununua vitambaa wakasahau kurudi kwao. Walikuwa wakiupiga saa sita mchana ili jiji lijue wakati. Walipoondoka hatimaye, walibeba baruti, wakatuachia mzinga na nafasi ya kazi. Mzee alipoajiriwa aliuliza atapigaje bila baruti. Akaonyeshwa tu pa kutia sahihi, basi akasimama kando ya mzinga, akavuta pumzi, akapaza sauti: "Buuum!"

Msicheke. Kwa mlio huo kuhani wa hekalu jirani hufunga milango, nasi hufungua wali wetu wa mtindi. Siku mafua yalipomkaba Mzee tulishinda na njaa, na kuhani akamjia juu: "We Kothandapani, unataka mungu wangu akose usingizi wa mchana?"

Mwaka huu meneja wetu, Bi. Vaidehi, aliamua nafasi hiyo ifutwe na mzinga uuzwe chuma chakavu. Mzee alilia waziwazi, na sisi tuliozoea kumtania tukamletea chai.

Winchi ya kuubeba ililetwa mkesha wa Ayudha Puja, siku ya kupumzisha zana na kuzipamba. Asubuhi Mzee akaupaka mzinga liwa, akauvisha shada la maua, akaweka malimau chini ya magurudumu. Winchi nayo akaipamba, asiionee. Kisha akaona mashada yangependeza zaidi yakibadilishwa: la huyu akamvisha yule. Anaapa hakukusudia lolote.

Kesho yake dereva wa winchi, Pichaimuthu, alipoambiwa yaliyotokea, akagoma. "Mama, hawa wamebadilishana mashada. Kwetu hiyo ni ndoa, ni maharusi! Bibi harusi ampeleke mumewe kuyeyushwa? Mimi simo!"

Bi. Vaidehi alibisha weee, mpaka kuhani akatokea kuuliza wali wa harusi uko wapi. Hapo meneja akasalimu amri. Mzinga unabaki. Winchi huja kuusalimia kila Ijumaa.

Mzee wetu, asante kwa koo lako. Tunakutakia maisha mema, wewe na familia yako. Leo saa sita usifungue kinywa. Keti kivulini, usikilize. Bi. Vaidehi ameshakunywa maji ya tangawizi ya kulainisha koo.