Nafasi ya Ndani: Maisha ya Bingwa Linah Wamboi Wepukhulu, 1985–2025

Yanasomwa na wifi yake, Nangila, kwa niaba ya familia za Ndalu na Kitale, Jumamosi tarehe 21 Juni 2025.

Marehemu Linah Wamboi Wepukhulu alizaliwa Kitale tarehe 14 Machi 1985, binti wa pili na wa mwisho wa Mzee Gathii Kiragu na Mama Nyambu, wakulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa waliohama kutoka Nyeri wakapata shamba Trans-Nzoia. Alipewa jina la nyanya yake mzaa mama. Jina la mzaa baba lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na dada yake mkubwa, kama desturi ya Wakikuyu ilivyo. Mama Nyambu husema Linah alianza kupiga mateke kabla ya kulia, hata mkunga akalalamika. Kila mama wa bingwa husema hivyo, na Nangila huamini nusu tu.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kwenye barabara ya changarawe inayoelekea mjini. Kila asubuhi yeye na dada yake walienda shule wakishindana. Mzee Gathii alisimama langoni akiwaambia, "Haya, nani ataniletea namba wani leo?" Aliyetangulia alishika ukingo, upande wa mtaro, na aliyefuata akabaki nyuma yake. Dada alikuwa mkubwa kwa miaka miwili, kwa hiyo ukingo ulikuwa wake siku zote. Asubuhi moja ya Oktoba 1996 Linah aliona nafasi ndogo, akampita kwa ndani. Dada yake akacheka, akatoka kidogo upande wa barabara ili amrudie. Lori la mahindi lilikuwa linakuja nyuma yao. Linah alisikia honi na breki, lakini hakugeuka, maana walikuwa wamefundishana kwamba anayegeuka hupitwa. Alifika shuleni wa kwanza. Hadi utu uzima alishikilia kwamba miguu ya dada yake aliisikia nyuma yake njia nzima, mpaka langoni.

Jioni ya mazishi Mzee Gathii alitoa amri moja. "Hilo jina sitaki kulisikia kwa hii boma tena." Ikawa hivyo. Picha zikatolewa ukutani, na hata Mama Nyambu akawa anasema "yule" anapomkumbuka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza Mzee. Lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja naye ana masikio, na Linah aliyachukua maneno hayo kuwa hukumu yake. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja kwa baba yake: amsikie akilitaja jina la dada yake, hata mara moja, ndipo ajue kwamba hamlaumu. Medali zilikuja, lakini hilo halikuja.

Mwaka 2000 alijiunga na shule ya upili ya wasichana upande wa Bungoma, na huko ndiko Mwalimu Kizito alikomwona. Alikuwa anakimbia mita mia nane na elfu moja mia tano, na alikuwa na pumzi ya kumtosha mtu na jirani yake. Kasoro ilikuwa moja. Hakukimbia karibu na mstari wa ndani kama wengine. Aliacha nafasi ya mtu mmoja, kona zote, akazunguka mbali kuliko kila mtu. Mwalimu Kizito amekisimulia kisa hiki kwenye matanga juzi, na kimeandikwa hapa kama alivyokitoa.

"Nilimwambia, wewe Linah, mbona unaacha mrango wazi? Funga ndani, bana, watu wanapita hapo. Akaniangaria tu. Akasema, 'Mwalimu, hapo kuna mtu.' Nikamuuliza mutu gani, mimi sioni mutu. Akasema, 'Si lazima umwone.' Sikumuuliza tena."

Mwaka 2005 aliajiriwa na Idara ya Magereza, akawa anafanya mazoezi Kitale. Alikuwa bingwa wa taifa wa mita elfu moja mia tano mwaka 2007, 2008 na 2010, na wa mita mia nane mwaka 2008. Yote hayo aliyashinda kwa kuzunguka nje, hivi kwamba mashabiki walimwita Mama wa Nje. Wenye midomo walisema ni maringo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini kwa Linah asiyekuwepo alikuwa na njia yake nzima uwanjani, na hakuna kocha aliyeweza kumfukuza.

Edah, aliyekuwa mwenzake wa mazoezi, yuko hapa leo. Anasema walikuwa wakikimbia wawili asubuhi ya ukungu, yeye akiwa nyuma. "Nikasikia ni kama tuko watatu. Nikageuka, hakuna mtu. Nikamuuliza Linah, akaniambia, 'Zoea tu, huwa hasumbui.'" Edah alizoea kwa njia yake: wiki hiyohiyo alianza kufanya mazoezi jua likishatoka.

Mbio zilizomuuma zaidi zilikuwa fainali ya Afrika mwaka 2010. Aliingia kona ya mwisho akiwa mbele, peke yake, na watu wa Kitale wamekwisha kusimama kwenye viti. Akaacha nafasi yake ileile. Mkimbiaji mmoja akapita humo kama mgeni aliyekuta nyumba haijafungwa, akachukua dhahabu. Mwandishi wa habari alimuuliza imekuwaje. Linah akajibu, "Nilimpisha dada." Magazeti yakasifu uungwana wake kwa mpinzani. Mzee Gathii alikuwa anatazama nyumbani. Mama Nyambu anasema alizima runinga, akaenda kusimama na ng'ombe mpaka giza likaingia. Yeye hakuhitaji kuelezwa dada ni nani.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa kanisani Kitale na Bramwel Wepukhulu wa Ndalu, mwalimu. Alikuja Ndalu hajui kupika mboga ya tsisaga, hajui kusalimia kwa Kibukusu, na akajifunza yote kwa bidii iliyotuaibisha tuliozaliwa nayo. Mungu aliwajalia binti Septemba 2011. Mtoto huyo alilia. Alilia asubuhi na jioni, daktari Bungoma akampima akasema hana ugonjwa. Mama mkwe, Nasambu, akasema ni jina linatafutwa. Sisi ni watu wa kanisa, lakini kwa Wabukusu mtoto akilia hivyo kuna marehemu anayetaka kukumbukwa, na hata pasta huwa anakumbuka ana safari siku kama hizo. Kukhu, yaani nyanya, Nasambu alimpakata, akaita majina ya marehemu wa upande wetu wote, moja baada ya jingine. Mtoto alizidi kulia. Mwishowe akamgeukia Linah.

"Mwanangu, kwa wetu nimemariza. Labda ni wa kwenu. Kuna mwenye hajaitwa?"

Linah aliinama, akalitaja jina la dada yake sikioni mwa mtoto. Mtoto akanyamaza, akatafuta ziwa. Nangila alikuwa ndani ya nyumba hiyo, na aliyaona kwa macho yake.

Tangu hapo Ndalu nzima humwita binti huyo kwa jina hilo. Habari zilipofika Kitale, Mzee Gathii alikuja na mbuzi na maziwa, akambeba mjukuu kwa upendo, akamwita Nekoye, jina lake jingine la Kibukusu. Ndilo jina alilomwita miaka yote. Linah alikuwa akisimama mlangoni kila baba yake anapomwita mtoto, akingoja kusikia atasema nini. Alirudi jikoni kila mara bila kitu.

Aliacha mashindano mwaka 2014, akalima mahindi na kuwafunza wasichana wa Ndalu kukimbia. Wao aliwafundisha kushika ndani. Januari 2024 alianza kuumwa tumbo, na ikagunduliwa kuwa ni saratani. Alitibiwa Eldoret, kisha Kitale, ili awe karibu na wazazi. Jumapili tarehe 8 Juni mwaka huu Mzee Gathii alimtembelea hospitalini. Bramwel na Nangila walikuwepo. Linah alikuwa amekonda sana, lakini akili ilikuwa timamu. Alikuwa amelala upande mmoja wa kitanda, na muuguzi alikuwa amechoka kumrudisha katikati.

"Baba," alisema, "mwite jina lake. Mara moja tu."

Mzee alivua kofia. Midomo yake ikafunguka, ikafumba. "Kesho, Wamboi," akasema. "Kesho nitakuja mapema."

Linah alitabasamu, akamwambia si neno. Aliaga dunia Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini. Mzee alikuwa njiani, amepanda gari la kwanza.

Siku iliyofuata alimwambia Nangila mbele ya wote, naye ameruhusu isomwe hapa. "Mimi sikuwahi kumlaumu huyo mtoto. Ni mimi nilikuwa nawaambia wakimbie. Kila asubuhi, ni mimi. Nilinyamaza nikifikiri naficha yangu, kumbe yeye alikuwa anabeba."

Linah ameacha mume, Bramwel Wepukhulu, binti, Nekoye, wazazi, Mzee Gathii Kiragu na Mama Nyambu, mama mkwe, Nasambu, wifi, Nangila, na wasichana wengi wa Ndalu waliomwita mama. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Linah apumzike kwa amani, na amani hiyo imfikie dada yake mkubwa aliyemtangulia.

Jina la dada huyo halikuchapishwa kwenye karatasi hii, wala halikusahauliwa. Mzee Gathii ameomba alitaje mwenyewe, kwa sauti, kabla Linah hajateremshwa.

Baba, karibu mbele. Tunakusikiliza.