Kikwembe Nilichomfunikia Mama Sifa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mnaomtazama bila hofu, asifiwe na mimi pia ninayesema haya huku macho yangu yakitafuta ardhi.

Mnanijua. Mimi ni Furaha wa hapa Wamaza, mkubwa wa watoto watano walioachwa yatima. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, hata ya msingi sikuimaliza, nikashika jembe. Siku ya kuondoa matanga baba mdogo aliniambia, "Furaha, toka leo weye njo mama wa hii nyumba. Mama halii mbele ya watoto." Kisha akarudi kwenye machimbo ya dhahabu, wala hatukumwona tena. Neno lake nililishika. Njaa ilipoingia nyumbani sikumwambia jirani. Nilipougua nililima hivyo hivyo. Watu walisema, "Huyu binti ni jiwe!" Nami nilipenda kusifiwa hivyo. Ndugu zangu, jiwe halilii, lakini haliombi msaada pia.

Baadaye kanisa lilinituma Kasongo kujifunza ualimu wa yoga. Najua neno hilo linawasumbua baadhi yenu, wengine mlisema ni ibada ya miungu ya mbali. Sisi tulifundishwa kunyoosha mwili, kupumua taratibu, na kumtuliza mtu aliyekimbia vita hata usingizi nao ukamkimbia. Mchungaji wetu alikuja siku moja, akanyoosha mgongo pamoja nasi, akasema hakukutana na mungu mwingine pale, alikutana na maumivu ya kiuno tu.

Kule Kasongo tulikuwa walimu wa kila namna. Alikuwepo dada Zaituni, Mwislamu, muuza vitambaa wa mjini. Alikuwepo kaka Bahati, mchimba dhahabu aliyetoka Kivu. Tulipoagana tuliahidiana tusipoteane. Tukafungua kundi kwenye simu: kila mwalimu anatuma sauti, anasema amefundisha nini, nini kimekwenda vizuri na nini kimemshinda, ili wengine wampe mawazo. Mimi nilikuwa napanda kilima kutafuta rezo, mtandao wa simu, nasikiliza wote. Wengine walichanganya Kifaransa, nami nikaona haya kwa Kiswahili changu cha shambani. Kwa hiyo kila mara nilituma maneno mawili tu: "Kwetu muzuri." Hata palipokuwa pabaya, muzuri!

Darasa langu lilikuwa la kina mama, kwenye mikeka nyuma ya kanisa. Mmoja wao ni Mama Sifa. Vita vilipotufukuza, mtoto wake alikufa njiani. Alimfunika kwa kikwembe alichokuwa amejifunga, akamwacha kando ya barabara, kwa sababu watu walikuwa wanakimbia na hapakuwa na wa kuchimba kaburi. Toka siku hiyo hakulala vizuri. Alipoanza kuja kwangu, usingizi ulianza kumrudia kidogo kidogo. Aliniletea karanga za kukaanga, akasema, "Jana nililala mpaka jogoo akachoka kuwika."

Sasa nisikilizeni. Mwisho wa somo watu hulala chali, mikono kando, wakanyamaza. Kasongo, ndani ya sale, yaani ukumbini, mkufunzi alituwekea kitambaa chepesi machoni, tukapumzika sana. Siku ile hapa kwetu nzi walikuwa wengi. Mama Sifa alikuwa amesinzia. Nikaona nzi juu ya midomo yake, nikachukua kikwembe changu, nikamfunika toka miguuni mpaka juu ya uso. Nikajiona nimefanya wema!

Ndugu zangu! Kwetu sisi, mtu aliyenyooshwa chali juu ya mkeka na kufunikwa uso ana jina moja tu. Hata mtoto mdogo analijua. Mimi mwenyewe nilimwona mama yangu mzazi amelazwa hivyo. Nilisahauje?

Mama Sifa alifumbua macho chini ya nguo. Sitaki kuwaelezea ule ukelele. Alitoka mbio akiita jina la mtoto wake. Kina mama wengine wakashtuka, wakaanza kulia kilio cha msiba, na watu wakaja toka mashambani kuuliza ni nani amekufa.

Sokoni walinipokea kwa maneno. "Angalieni, mwalimu wa maiti iko napita!" "Mama, usisinzie hapo, atakufunika!" Wakacheka mpaka wakaacha kupima mchele. Wadogo zangu waliambiwa hayo hayo shuleni. Lakini si hayo yaliyonivunja. Mama Sifa alijifungia ndani, na usingizi ukamwacha tena. Mimi ndiye niliyemrudisha kwenye ile barabara.

Nilitaka kumwomba msamaha. Lakini mnajua desturi yetu: kwa jambo zito mtu haendi peke yake. Anasindikizwa na wakubwa wake, wanaketi, wanasema kwa ajili yake. Akija peke yake, anaonekana amekuja kudharau. Na wakubwa wangu wako makaburini, baba mdogo naye hajulikani aliko! Nilifika karibu na ua wa Mama Sifa, nikageuka. Nikavunja darasa. Nikazima simu. Hata maombi yangu yalikuwa mafupi, kama mtu anayepita haraka mbele ya nyumba ya anayemwogopa.

Kumbe kule Kasongo walimu walikisikia kimya changu. Mchana mmoja pikipiki ilisimama uani. Walikuwa Zaituni na Bahati, tope toka miguuni mpaka nyusini. Je, nilikwenda kuwapokea? Nilikimbilia jikoni! Nikajificha nyuma ya kuni mbichi zilizokuwa zinafuka moshi, nikazuia pumzi, mimi mwalimu wa kupumua. Kikohozi kikanishinda.

"Bahati," nilimsikia Zaituni, "moshi ya huku iko nakohoa kama mutu."

"Na iko na miguu, miye naiona," Bahati akajibu. "Mwalimu, toka! Tope imetukula njia nzima, weye unajificha? Tupe hata maji."

Nilitoka nikilia, na moshi haukuwa sababu. Nikawaambia yote. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu jambo lililonishinda, toka wazazi wetu walipofariki. Nikangoja wanikemee.

Zaituni akashika kichwa. "Furaha, miye nililaza kina mama wa mtaa wetu miguu yao ikielekea Kibla! Bibi mumoja akaniuliza, 'Binti, hiyo miguu tunamuonyesha nani?' Nilitaka ardhi inimeze."

"Na miye niliambia wachimbaji wafumbe macho," Bahati akasema. "Watu wako na dhahabu mufukoni! Kila mutu alifumba jicho moja, lingine likachunga jirani."

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Nikawauliza, "Mbona kwenye kundi hamkusema?"

Wakatazamana. Zaituni akajibu polepole, "Sababu yako. Kila mara kwako ni muzuri, muzuri. Tukaona ni sisi tu tunakosea. Tukafunga midomo."

Ndugu zangu, hapo ndipo haya ilipozidi! Nilidhani kimya changu kinaniumiza mimi peke yangu.

"Wakubwa wako wa kukupeleka kwa huyo mama iko wapi?" Bahati akauliza.

"Sina."

"Na sisi tuko nini?"

Wakaoga. Bahati akanunua kuku. Zaituni akajifunga vizuri, akatangulia mbele kama shangazi yangu kabisa. Mama Sifa alikuwa mlangoni. Hakunitazama. Akauliza, "Huyu amekuja na nani?"

"Amekuja na sisi," Zaituni akasema. "Ni mutoto wetu. Amekosa, na kosa ni letu, sababu hatukumusaidia kufikiri."

Nilipiga magoti. Maneno niliyokuwa nimeyatayarisha yalipotea yote, nikabaki nasema, "Mama, mama." Alimtazama Zaituni, akamtazama Bahati. Mwisho akasema, "Sitalala tena mbele yako, Furaha."

"Ndiyo, mama."

"Kukaa, nitakaa."

Basi jioni ile walimu tuliketi kutafuta njia, na Mama Sifa akiwa kati yetu, anakataa hili, anakubali lile. Sasa darasani kwetu hakuna anayelala wala kufunikwa. Tunapumzika tumekaa wawili wawili, mgongo kwa mgongo, na anayetaka anaacha macho wazi. Nilipanda kilima nikatuma sauti kwenye kundi: "Kwetu kulikuwa kubaya. Sikilizeni." Walimu wengi wakajibu kwa kusimulia makosa yao, na njia yetu ya kukaa wakaichukua.

Ndugu zangu, Mungu aliniona yatima, akaniletea wakubwa juu ya pikipiki, mmoja wao akiwa wa msikiti! Nani angepanga hivyo isipokuwa yeye? Kama wewe pia umebeba haya yako peke yako, mtumaini Bwana, umwambie mtu. Na kama huna wa kukusindikiza, njoo kwangu, nitatangulia mbele yako.

Mama Sifa hajanitazama bado usoni. Lakini mgongo wake anauegemeza kwangu. Pumzi yake ikianza kuwa nzito najua usingizi umemgusa, nami nakaa pale pale, sitikisiki, namshukuru Mungu kimoyomoyo mpaka aamke mwenyewe.