Aliyesimama Kando ya Gunia

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, chini ya bati lake, na mguu wake mmoja ni tofali, kwa sababu mguu wenyewe ulivunjika siku Kona alipokaa kwa kishindo. Mabenchi mengine ya mtaa ni ya mpira na siasa. Letu ni la upinde na mshale. Ukipita ukasikia mtu akisema, "Jana nilivuta mpaka kidevuni," usidhani tunazungumzia sigara. Kinyozi mwenyewe, tunayemwita Wembe, ni mtu wa fimbo, yaani ule upinde mrefu ulionyooka wa kipande kimoja cha mti. Masafa, fundi redio, ni mtu wa mapembe, yaani ule mfupi ambao ncha zake hupinda kwenda mbele. Kona ni dereva wa lori, na yuko upande wa yeyote aliyemnunulia kahawa. Kahawa ni ya Chemsha, anayekuja na birika lake saa za watu kutoka kazini. Mimi ni fundi viatu, kwa hiyo naitwa Gundi. Jioni moja Masafa alikuja na upinde wa marehemu mke wangu umefungwa kwenye shuka, akaniwekea magotini taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala.

— Mzee Gundi, tunakurudishia, alisema. Huu upinde umekufa.

— Nani ameupima? aliuliza Wembe akiwa mlangoni, kitana mkononi.

— Sote tumeupima. Jumamosi tatu mfululizo hakuna aliyeligusa lile gunia la shabaha. Na Jumamosi hii wale wa benchi la gereji, mtaa wa pili, wanakuja kushindana nasi. Tukiutumia, tutachekwa mpaka mwakani.

Mimi si mwepesi wa maneno. Mke wangu alikuwa fundi wa kupaka vanishi kwenye karakana ya samani hapo nyuma, na upinde ule, nao ni fimbo, aliuchonga mwenyewe kwa muda wa mapumziko, akiukwangua kidogo kidogo hadi ukakubali. Mtaa mzima ulimwita Mama Vanishi. Kila asubuhi aliuvuta uani, na mlio wa ule uzi ndio ulioniamsha. Alipotutoka, niliutundika upinde kwenye msumari, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba nilisikia maji yakitulia kwenye mtungi. Sikumlalamikia Mungu. Yeye ndiye aliyenipa, na aliponipa sikumwuliza kwa nini. Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba ule mlio usipotee. Ndipo nikawaazima hawa. Kila Jumamosi nilikaa pembeni ya kiwanja, nikafumba macho, nikausikiliza. Sasa ukirudi msumarini, nitakuwa nimezika mara mbili.

— Haujafa, nikasema. Mti mkavu haufi tena.

— Mzee, sikiliza sayansi, alisema Masafa, akivuta kikombe karibu. Kila upinde una masafa yake. Ule wa Mama Vanishi ulikuwa umetyuniwa kwenye mapigo ya moyo wake. Mtambo ukizimika, utapata wapi stesheni? Utabaki na mikwaruzo tu.

— Mikwaruzo iko kichwani mwako, alijibu Wembe. Ni jasho. Mti ule umekunywa jasho lake miaka yote ile. Sisi tukiushika, unaonja jasho geni. Langu lina sabuni ya kunyolea. La Kona lina dizeli.

— Dizeli yangu ina kosa gani?

— Inautelezesha mshale.

— Mshale wangu hautelezi, alisema Kona. Unaenda moja kwa moja.

— Moja kwa moja kwenye majani.

— Lakini moja kwa moja.

Chemsha alimimina, akacheka peke yake. Kona akapiga funda, akainamisha kichwa kama mtu anayetaka kutoa siri ya serikali.

— Nyie mnazunguka tu. Kuna neno alikuwa analisema. Kabla ya kuachia, midomo yake ilikuwa inacheza. Kila mshale. Mimi naangalia vioo vya pembeni maisha yangu yote, kitu cha pembeni hakinipiti.

— Hilo ni kweli, alisema Wembe polepole. Hata mimi niliiona midomo.

— Alikuwa anauelekeza. Nenda, nenda, kushoto kidogo, kanyaga breki, hapohapo.

— Mshale una breki wapi?

— Ndiyo maana wako haujawahi kusimama unapotaka wewe. Hukuuambia.

— Kama ni hivyo, alisema Masafa, basi tatizo si upinde. Ni gunia. Gunia limezoea kusikia lile neno. Lisiposikia, linakwepa.

— Gunia la vumbi la mbao linakwepa?

— Nimeliona kwa macho yangu, Wembe. Mshale unakuja, gunia likajiegemeza ukutani. Taratibu. Kama mtu anayempisha mwenye mzigo.

— Mimi nadhani lina huzuni tu, alisema Chemsha, ambaye kwa kawaida hachangii.

Tulilifikiria hilo kwa muda. Kisha wote wakanigeukia mimi.

— Mzee, si ulikuwa mume? aliuliza Kona. Alikuwa anasema nini?

— Sijui. Kazi yangu ilikuwa kuokota mishale. Nilikuwa upande wa pili, kwenye gunia. Midomo niliiona, sauti haikufika.

— Na nyumbani hukumwuliza?

— Nilimwuliza. Akaniambia, "Kunywa chai, inapoa."

— Neno zito hilo, alisema Masafa. Inawezekana ndilo lenyewe. Nani amejaribu kusema "kunywa chai" kabla ya kuachia?

— Wewe jaribu na mapembe yako, alisema Wembe. Yale yatakunywa birika zima na bado yataangukia kwa jirani.

Wakaanza tena ya fimbo na mapembe, ipi ni ya wanaume na ipi ni ya watu wenye haraka. Ndipo alipotokea shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Yeye ni mshonaji, Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja wengi, kwa hiyo kiwanjani hakuwahi kufika hata mara moja. Lakini kila wiki hupita kuniangalia kama nimekula.

— Shikamoo, shemeji.

— Marahaba. Karibu ukae.

Kona akasogea, tofali likalia. Chemsha akampa kikombe. Shemeji aliukuta upinde magotini pangu, akaupitishia kidole kwenye vanishi. Aliwasikiliza wale watu mpaka walipofika tena kwenye gunia lenye huzuni.

— Samahanini, alisema. Mimi si mtu wa mishale. Dada alipokuwa akipiga, shemeji, wewe ulikuwa unasimama wapi?

— Kando ya gunia.

— Kando wapi? Nyuma ya ukuta?

— Hapana. Kando. Nikamwonyesha kwa mkono. Kama kutoka hapa nilipo mpaka kwa Chemsha.

Chemsha aliutazama ule umbali, akarudi nyuma kidogo.

— Na hawa wengine wakipiga?

— Hao? Najificha pembeni, nyuma ya rundo la mbao.

— Na kichwa tunamwambia akiinamishe, aliongeza Wembe. Hasa Masafa akishika.

— Sasa kwa dada mbona hukujificha?

— Aliniambia nijifiche, siku za mwanzo. Nikamwambia, sina haja, wewe hukosi. Akanisihi wiki moja, wiki ya pili akaacha. Na kweli, shemeji, hakuwahi kukosa.

Shemeji aliweka kikombe chini.

— Angekosaje, na wewe umesimama pale?

Masafa, mwenye jibu la kila kitu, hata umeme ukikatika, alianza kuikunja ile shuka ya upinde. Wembe alikitazama kitana chake. Kona alivua kofia.

— Na mnauliza alikuwa anasema nini, alisema shemeji kwa sauti ya chini. Angekuwa ni mtu wako pale, ungesema nini?

Nilishika upinde kwa mikono miwili. Miaka yote ile nilijiona mimi ndiye mwenye imani, ninayesimama wazi bila kupepesa jicho. Nilijisifu nayo kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Kumbe imani yangu ilikuwa ya kusimama tu. Kazi yote alikuwa nayo yeye, upande wa pili, kila Jumamosi, kila mshale. Macho yalijaa, lakini si kwa uchungu. Ilikuwa kama mtu aliyeletewa salamu zilizochelewa njiani.

— Basi upinde haujafa, alisema Kona. Umekosa mtu wa kusimama tu.

— Nani atasimama Jumamosi? aliuliza Wembe.

Kila mmoja akaangalia ndani ya kikombe chake. Masafa akaanza kulisugua goti, akasema linamsumbua tangu asubuhi.

— Nitasimama mimi, nikasema. Nimezoea.

— Hapana, mzee, alisema Wembe. Mimi nikikunyoa tu mkono unanitetemeka, na hapo wembe ninao mwenyewe.

— Si lazima awe mtu, alisema shemeji. Wekeni kitu mnachokihurumia.

— Redio, alisema Kona.

— Redio ni za wateja, alisema Masafa. Kioo cha Wembe.

— Kioo changu hakitoki ukutani. Kona alete lori.

— Nani ana kitu ambacho sote tunakihitaji? aliuliza Kona, na aliposema hivyo macho yote yakatua mahali pamoja.

— Mniache, alisema Chemsha. Akalikumbatia birika.

— Ni jioni hii tu, Chemsha.

— Mniache kabisa.

— Kwa ajili ya Mama Vanishi.

Hapo alisita. Mke wangu alikuwa akimpakia vanishi kile kigoda chake kila mwaka, na hakukubali kupokea kitu.

— Haya, alisema. Lakini atakayelitoboa atakunywa maji mpaka kiama.

Tuliingia uwanja ulio nyuma ya karakana, jua lingali juu ya ukuta. Chemsha alikiweka kigoda pale pale nilipokuwa nikisimama mimi, akaliweka birika juu yake, bado lina moto, akarudi akijishika kichwa. Wembe akatangulia. Alivuta mpaka kidevuni, akatulia, akaachia. Gunia. Tuliangaliana. Kona akachukua upinde, akafuta mikono kwenye suruali. Gunia. Masafa hapendi kuonekana akishika fimbo, lakini alisema ni kwa ajili ya utafiti tu. Gunia, tena karibu na katikati, na Wembe akambeba juujuu akimwita mwongofu. Mimi nilikuwa pembeni, na nilichokiona ni kimoja. Kila aliyevuta, midomo yake ilikuwa inacheza.

— Shemeji, bado wewe, alisema mdogo wa mke wangu.

— Mimi ni mwokotaji.

— Leo mishale imeingia kwenye gunia yote. Utaokota nini?

Nimewashonea wote ngozi za kukinga vidole. Ya kwangu sikuwahi kushona. Wembe alinivalisha yake, akanipanga vidole kwenye uzi, akaniambia lile tunaloambiana sote siku zote: usitazame mshale, tazama unapotaka uende. Nikavuta. Mti ulinguruma kidogo, na vanishi ikanijia puani, harufu ile ile aliyorudi nayo nyumbani kwenye kanga zake. Nilianza kwa kulitazama gunia. Lakini jicho halikukaa. Lilitoka lenyewe, likaenda kando, pale ambapo mtu alikuwa akisimama. Kwa mara ya kwanza nilipaona kutoka upande wake. Palikuwa karibu sana na gunia. Karibu mno. Nikajikuta nasema, Mungu wangu, mlinde.

Uzi ukalia. Mlio ule ule.

Kisha ukafuata mlio mwingine, wa bati.

Hakuna aliyesogea. Kahawa ilitoka kwa utulivu pande mbili za birika, mshale ukiwa umepita katikati, ikashuka kwenye kigoda, ikanywewa na vumbi la mbao. Kona alikwenda, akaliinua kwa ule mshale kama mtu aliyeshika samaki.

— Mzee Gundi, aliita. Ulikuwa unatazama wapi?

Nilitaka kumjibu, lakini kicheko kilinitangulia. Kilitoka mbali, kikauma mbavu, nikaketi chini na upinde mapajani, na shemeji akaketi nami, naye anacheka na kufuta macho kwa ncha ya mtandio. Masafa alikuwa anaeleza kwamba kwa kipimo cha kitaalamu hilo nalo ni shabaha. Wembe alikuwa amelala chali kwenye vumbi.

Chemsha peke yake hakucheka. Alikuja na birika lake, mshale bado umo, akanikabidhi.

— Si unaitwa Gundi? alisema. Ziba.

Nikalipokea. Masafa aliufungua uzi, akaufunga upinde kwenye shuka, akautia kwapani. Alisema analala nao yeye, Jumamosi si mbali na yeye ndiye aliyepiga karibu na katikati. Wembe akamwambia labda katika ndoto. Wakaondoka wakibishana, na hakuna aliyekumbuka habari ya msumari. Mimi na shemeji tukafuata nyuma, birika likidondosha tone la mwisho njiani.