Chupa Isiyo na Lebo na Fainali ya Mita Mia Mbili

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wa marehemu dada yangu, wa tumbo moja. Nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Wenye kijitabu mkononi mtaona sehemu ya mashindano ina mistari mitatu tu. Mimi nitaisoma kwa urefu wake, na mtaelewa kwa nini niliogopa kuiandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi bomba na mshona nguo. Mama alikuwa akisimulia kwamba tangu akiwa na miaka minne, ukimpa chungwa lililokwisha kumenywa aliligeuza kila upande aone kama kuna aliyeonja. Hakukubali jambo kwa kuambiwa tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza sekondari mwaka 1979. Sekondari ile ilikuwa na bwawa la mita ishirini na tano, vigae vimebanduka, na kocha kijana mwenye filimbi. Kocha ndiye aliyemhamisha kwenye mtindo wa kifua, ule tunaouita wa chura. "Mikono yako ya kawaida," alimwambia, "lakini miguu hiyo, lo!" Marehemu aliupenda kwa sababu ya sheria zake. Ukutani lazima uguse kwa mikono miwili kwa pamoja, na mwamuzi amesimama juu ya kichwa chako anakukodolea macho. Alisema huo ndio mchezo ambao kila mtu anashukiwa sawasawa.

Mimi nilimfuata majini. Kila tulikoshindana alikuwa wa kwanza, nami nyuma yake.

Mwaka 1985 alipunguza sekunde sita katika mita mia mbili. Watu wakaanza kunong'ona. Sekunde sita kwa mwaka mmoja? Anakula nini? Agosti tukapelekwa kwenye mashindano ya kimataifa, yeye kuogelea, mimi mchezaji wa akiba. Tulilala chumba kimoja. Tarehe 21 akavuka mchujo na kuingia fainali.

Asubuhi ya tarehe 22, yeye akiwa bafuni, nilifungua mfuko wake. Nilijiambia natafuta kitana. Sikuwa natafuta kitana. Ndani ya soksi nilikuta chupa ndogo ya kahawia, haina lebo, ambayo nilishamwona akiificha mara mbili. Nikairudisha, nikafunga zipu, nikaenda kumwambia daktari wa timu.

Najua mnatazamana. Naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Saa nne wakaja kumchukua. Daktari na viongozi wawili walimkalisha kwenye chumba kisicho na dirisha, chupa iko mezani.

"Hii nini?"

"Dawa ya sikio."

"Sikio gani? Mbona hujawahi kulalamika?"

"Ipimeni," akasema. Sikio lake la kushoto lilikuwa linatoa usaha kwa miezi, na shangazi yetu muuguzi ndiye aliyempa matone yale. Aliogopa wakijua hasikii vizuri mlio wa kuanzia watamwondoa kwenye timu. Kwenye jukwaa la kurukia alikuwa akitegemea taa ya mwanzishaji tu, ile inayowaka pamoja na mlio. Hayo yote alinificha hata mimi.

Wakataka mkojo wa kupima. Hofu ikaufunga. Saa zikapita. Walipomwachia zilibaki dakika ishirini kabla ya fainali, hajala, hajapasha mwili moto. Akavaa kofia, akapanda jukwaani. Mita mia na hamsini alikuwa wa pili. Ukutani akagusa wa nne, nyuma ya wa tatu kwa sehemu nane za mia ya sekunde.

Majibu yalirudi baada ya siku tisa: mkojo safi, chupa ni matone ya sikio. Hakuna aliyemwomba radhi. Watu wakawa na swali moja tu, nani alisema? Kocha, yule yule wa sekondari aliyesafiri na timu, alikuwa ameonekana akitoka kwa daktari asubuhi ile, basi akawa yeye. Kumbe alikwenda kumtetea dhidi ya minong'ono ile. Mpaka Mama anafariki, alikuwa akimwita nyoka. Chama cha kuogelea kikamwacha, akaishia kufundisha watoto kwenye bwawa la hoteli. Marehemu hakumsemesha tena. Nami nilikaa kimya miaka thelathini na tisa.

Mwaka 1987 marehemu aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2021. Wenye maduka walimwita Bibi Onyesha, kwa kuwa hilo ndilo neno aliloingia nalo. Mumewe alikuwa fundi wa pampu za mafuta. Walikutana siku marehemu alipoifunga kwa lakiri pampu aliyoihudumia fundi huyo, isitumike. Fundi akaja juu, wakapima kwa debe mara saba, na mara zote saba fundi akashindwa. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, baada ya bibi harusi kumhoji dada wa bwana harusi kwa saa mbili nzima.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Hata kitandani alimuuliza muuguzi, "Mwanangu, mashine hii ilikaguliwa lini?" Ikaonekana kweli, ilikuwa imepitisha muda wa ukaguzi.

Agosti mwaka huu nilikaa kando ya kitanda chake, nikasema, "Dada, nina jambo."

"La chupa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mfuko wangu huwa siufungi zipu mpaka mwisho," akasema. "Siku ile niliukuta umefungwa mpaka mwisho. Nilijua kabla hawajagonga mlango."

"Sasa mbona uliacha watu wamseme kocha?"

"Nilitaka mtu wa kumkasirikia ambaye si wewe. Ndugu nina mmoja tu, wewe." Kisha akanishika mkono. "Kaseme mbele za watu, naye awepo. Na kosa langu useme pia. Usinipambe."

Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa tisa na dakika hamsini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Juzi nilikwenda kwa kocha. Alifungua mlango nusu. "Mnataka nini tena kwangu?" Nikamweleza pale pale kizingitini, nikamwomba aje leo. Akasikiliza, akafunga mlango. Sikutegemea kumwona leo. Yuko safu ya tatu, mwenye koti la kijivu. Kocha, hukusema wewe. Nilisema mimi, na dada yangu alijua. Sikukuita uje kutusamehe. Nimekuita usikie ikisemwa kwa sauti.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, mjukuu mmoja, na mimi mdogo wake. Ameacha pia kocha wake, ambaye kijitabu hakikumtaja.

Apumzike kwa utulivu, pasipo wa kumshuku.