Kivuli cha Shavuni

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mpiga picha wa makamo alimwambia mama fundi cherehani aliyekaa naye kwamba kesho ana kazi yake ya kwanza ya video, baada ya miaka ishirini ya picha za vitambulisho, na hofu imemjaa. “Juzi nilijifunzia kwa mke wangu. Kwa mazoea nikamwambia asitikisike. Akakaa dakika mbili kama sanamu.”

“Kaka, na mvi hizo ndiyo unaanza chekechea?”

“Naanza, dada. Hata taa sasa naiweka ubavuni, uso upate uhai.”

“Umtie mtu kivuli shavuni? Atasema umemkata nusu.”

Nilimwombea mpiga picha kimoyomoyo, maana mtu mzima kukubali kufundishwa ni neema.

“Basi geukia dirishani, uendelee kunisema,” mpiga picha akamjibu, akamrekodi kwa simu yake. Kusema hakukumpa mama yule taabu.

Alipoonyeshwa video, aliichukua simu akaisogeza karibu na macho. “Kumbe nikiongea nafanana hivi na marehemu mama,” alisema polepole. “Ila kivuli kipunguze.”

“Sipunguzi. Kesho naiweka taa hivi hivi.”

“Kidogo tu, kaka.”

Basi likasimama. Walishuka wakibishana, simu ya mpiga picha ingali mkononi mwa fundi.